Uganda na Walimu wa Fizikia



Polisi wa usalama barabarani anayepima alama za matairi kwenye lami anajua kwamba gari likizidisha mwendo mara mbili, huhitaji karibu mara nne ya umbali wa awali ili lisimame baada ya kukanyagwa breki. Hiyo ni fizikia. Ndivyo ilivyo kwa mpiga mizinga anayepima pembe, na kwa fundi wa simu za upepo. Kwa hiyo habari za somo hilo katika nchi jirani si ngeni kwenu mlioko makambini na vituoni.

Mwaka 2005 Serikali ya Uganda iliamua kwamba fizikia, kemia na baiolojia ziwe masomo ya lazima kwa wanafunzi wa sekondari hadi mwaka wa nne. Uamuzi ulikuwa mwema, ila walimu hawazaliwi kwa waraka. Shule nyingi zilibaki na walimu wale wale wachache, na wengi wao walizoea kufundisha katika shule mbili au tatu ili wapate riziki. Mwalimu wa namna hiyo hufika, huandika kanuni ubaoni, huondoka. Mwaka huo huo, kwa msaada wa Japani, yalianza mafunzo ya walimu waliokwisha kuwa kazini, yakifanana na yale ambayo Kenya iliyaanzisha mwaka 1998.

Mafunzo hayo yalikazia vitendo. Chukua uzi wa urefu wa mita moja, funga jiwe, uning'inize. Jiwe likibembea, litatumia karibu sekunde mbili kwenda na kurudi. Badili jiwe, weka zito zaidi, muda haubadiliki. Mwanafunzi aliyeyahesabu hayo mwenyewe hayasahau, na mtihani wa vitendo haumtishi. Aliyeyanakili ubaoni hukaa mbele ya vifaa mikono ikitetemeka. Wala hapa haidaiwi maabara ya fahari, bali mwalimu anayelijua somo lake kiasi cha kutoogopa kuulizwa swali. Asiyelijua vema huwafokea wanaouliza, na darasa hujifunza kunyamaza.

Ili kuwavuta na kuwabakiza watu wa aina hiyo, kuanzia Julai 2022 Uganda ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi wa sekondari mwenye shahada hadi shilingi milioni 4 za huko kwa mwezi. Mwenzake wa historia au lugha, mwenye shahada kama hiyo, alibaki na milioni 1 na kidogo. Juni ya mwaka huo walimu wa masomo ya sanaa waligoma pamoja na wale wa shule za msingi, kisha wakarejea kazini bila nyongeza waliyoidai.

Sisi tunaona Uganda ilikuwa na haki kumthamini mwalimu wa fizikia. Mshahara mnono unaweza kumwondolea haja ya kukimbia kutoka shule hadi shule. Lakini nyinyi askari mnafahamu hali ya kikosi ambacho wawili wenye cheo kimoja wamo handaki moja, na mmoja analipwa karibu mara nne ya mwenzake. Tena fedha hizo hazimfundishi mtu kufunga jiwe kwenye uzi. Kazi hiyo ni ya vyuo na ya mafunzo kazini, na mwanafunzi aliyeko darasani leo hawezi kusubiri mwalimu wake ahitimu upya.