Shingo Ikiuma, Tazama Mikono na Miguu



Hapa Mwanza mtu akilalamika shingo hakosi washauri. Mmoja atamwambia akachuliwe, mwingine avutwe kichwa mpaka pingili zilie. Siku hizi yuko na wa tatu, asemaye: "Nenda kapige MRI." Leo nauliza, ni nani hasa anayehitaji kipimo hicho?

Wengi wetu hatukihitaji. Kuli wa Mwaloni, Kirumba, aliyeshinda na magunia ya dagaa kichwani, au karani aliyeinamia meza kutwa, akiumwa shingo tu, kwa kawaida hupata nafuu katika majuma machache. Kumpeleka MRI mara moja ni kumaliza fedha zake.

Hatari iko ndani zaidi. Katikati ya pingili 7 za shingo umepita ugwe mgongo, njia kuu ya fahamu, unaopeleka amri za ubongo mikononi na miguuni. Pingili zikiota vijifupa kwa uchakavu, kisahani laini kilicho kati yake kikitokeza, au kifua kikuu kikila mfupa, ugwe huo hubanwa. Na pengine shingo yenyewe haiumi sana! Dalili ziko kwingine: vidole vinashindwa kufunga vifungo vya shati, kikombe kinaponyoka, miguu ni mizito na inayumba, mkojo unagoma au unatoka wenyewe.

Huyo ndiye mwenye haja ya MRI, tena upesi. Eksirei huonyesha mifupa, lakini ugwe hauonekani. MRI, itumiayo sumaku, huuonyesha na mahali ulipobanwa.

Kinachonisikitisha ni mgonjwa wa namna hii kuambiwa karogwa, au kazeeka, akakaa kijijini miezi akichuliwa. Upasuaji kazi yake kubwa ni kuzuia madhara yasiendelee. Nguvu zilizokwisha potea si rahisi kuzirudisha zote. Na kumvuta shingo kwaweza kummaliza.

Vivyo hivyo kijana aliyejirusha ziwani kutoka juu ya jiwe akagonga kichwa, akafa ganzi. Msimkalishe. Shikeni kichwa na shingo visigeuke, mlazeni juu ya ubao, mumkimbize hospitali.

Basi, ukifika kwa daktari, iwe zahanati ya mtaani au Bugando, usiishie kusema "shingo inauma". Mweleze habari za mikono, miguu na mkojo. Na kama una chuma mwilini au betri ya moyo, sema kabla hujaingizwa kwenye sumaku.

Hadi juma lijalo, kwaherini.