Mahindi Mabovu Huenda Wapi?

Leo nataka tuzungumze habari ya mahindi. Najua kuna atakayesema, mchungaji ameacha madhabahu ameingia sokoni. Ngoja kidogo, ndugu yangu.

Ukifungua kitabu cha pili cha Wafalme, mlango wa 4, utamkuta Elisha pale Gilgali wakati wa njaa. Mtu mmoja alitoka kwenda kondeni kutafuta mboga, akarudi na matango ya mwitu, akayakatakata na kuyatia chunguni. Hakujua ni kitu gani. Watu walipoanza kula, ndipo wakapiga kelele kwamba chakula kile kitawaua. Katika kisa hiki hakuna mwovu hata mmoja. Pana njaa, pana mtu mwenye bidii ya kulisha wenzake, na pana sumu isiyojulikana.

Mambo kama hayo yaliwapata wenzetu wa Makueni na Kitui mwaka 2004. Mahindi yaliwekwa yakiwa hayajakauka vema, yakaota ukungu. Ukungu ule hutoa sumu iitwayo aflatoksini, nayo hushambulia ini. Watu wakawa na macho ya manjano, matumbo yakajaa maji. Kufikia Julai mwaka huo waliougua walikuwa 317, na 125 kati yao walikufa. Haikuwa mara ya kwanza. Machakos walikwisha kuionja sumu hiyo mwaka 1981. Tena si lazima iue kwa juma moja. Anayeila kidogo kidogo miaka mingi anajitafutia saratani ya ini, hasa kama tayari ana ule ugonjwa wa ini uitwao hepatitisi B.

Akina mama huniuliza, je, nikichemsha sana? La, mama. Moto wa jikoni hauondoi sumu hii. Githeri ichemke tangu asubuhi hadi jioni, sumu imo. Kuchagua punje zilizooza husaidia, na kukoboa kama wafanyavyo Wakamba kwa muthokoi hupunguza, lakini hakumalizi, kwa maana punje yaweza kuonekana safi na kumbe imebeba sumu. Haina harufu wala ladha. Elisha alitia unga chunguni na chakula kikawa salama. Sisi hatuna unga ule.

Basi, nije kwenye swali langu. Mtu amefungua gunia lake la kilo 90, vumbi la kijani limemrukia usoni, punje zimeshikana. Yeye hatapika ugali wa mahindi hayo, wala watoto wake hawatayala. Je, gunia lile huenda wapi?

Mara nyingi huenda sokoni. Yule aliyeyakataa nyumbani kwake huyachanganya na mazuri, ya juu yakang'aa, na mwingine huyanunua kwa gorogoro bila kujua. Mwaka ule wa 2004 wachunguzi walikusanya sampuli 350 kutoka masoko 65 ya wilaya zilizopatwa. Zaidi ya nusu zilikuwa na sumu kupita kiwango kilichoruhusiwa wakati ule. Mahindi mengine huenda kwa wapika busaa, na pombe haiisafishi sumu (kama mlevi alihitaji sababu nyingine ya kuacha). Mengine hupewa ng'ombe, naye hutupatia sumu hiyo katika maziwa, na maziwa hunywewa na mtoto.

Nabii Amosi, katika mlango wa 8, aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo na kuwauzia maskini takataka za ngano. Kila nionapo gorogoro iliyobonyezwa kitako kwa ndani namkumbuka Amosi. Lakini gorogoro iliyobonyezwa humwibia mama vikombe viwili tu. Mahindi ya ukungu yaweza kumwibia mtoto. Na huyu muuzaji si kama yule wa Gilgali. Yeye anajua, ndiyo maana hakuyala.

Nasikia mtu akisema, mchungaji, gunia zima nilitupe, na karo ya shule je? Hasara hiyo ni kubwa, nami siifanyii mzaha. Ndiyo sababu afadhali kazi ifanywe mapema. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Ukitaka kujua kama yamekauka, twaa chupa kavu, tia mahindi kiasi cha theluthi, ongeza kijiko au viwili vya chumvi kavu, utikise dakika chache, kisha uiache itulie kwa robo saa. Chumvi ikigandamana na chupa, unyevu umepita asilimia 15, yarudishe juani. Isipogandamana umekaribia, wala usiache kuyaongezea jua, maana wataalamu hutaka asilimia 13 na nusu. Chumvi hupima unyevu tu; sumu iliyokwisha kuingia haiioni. Kisha yaweke penye hewa, juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta.

Na sasa neno kwa wazee wa kanisa. Sadaka ya mavuno inakaribia. Baada ya ibada magunia hupigwa mnada uwanjani, na aghalabu lile lililochakaa hununuliwa na mjane, kwa kuwa ndilo la bei nafuu. Jumapili hiyo mzee mmoja asimame mlangoni na chupa yake ya chumvi, na kila gunia lifunguliwe hadi chini, hata la mwenyekiti. Likionekana na ukungu, aliyelileta ashukuriwe kwa upole, na gunia lizikwe nyuma ya kanisa siku hiyo hiyo, mbali na kuku wa mchungaji.

Kwaherini hadi juma lijalo, wakati kama huu.