Kubadili Majani ya Uani

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wenye nyumba, Kisumu



Nimeombwa niseme juu ya namna ya kuyaondoa majani yaliyochakaa mbele ya nyumba na kupanda mengine mahali pake. Jambo hili huonekana dogo. Lakini mtu akilianza bila kulijua, fedha yake yaweza kwisha na mwaka ukapita, naye akabaki na magugu yale yale aliyokuwa nayo. Kwa hiyo neno langu kubwa ni moja: majani mapya hayawezi kuyashinda magugu ya zamani. Kazi ya kuyashinda ni yako wewe mwenye ua, na yapasa iishe kabla hujapanda hata shina moja.

Kwanza na tuulize kama kuna haja. Simama katikati ya ua wako, uutazame vizuri. Kama zaidi ya nusu ya majani ni mazuri, usiyang'oe. Panda vipandikizi katika mapengo, tia samadi iliyooza, ukate mara kwa mara, na mvua za masika zitautengeneza ua wako. Lakini kama sehemu kubwa ni magugu na udongo mtupu, kutia viraka ni kupoteza nguvu bure. Wako pia wapendao kuufagia ua ukawa mweupe, kama ilivyo desturi katika maboma mengi ya kandokando ya ziwa. Ua uliofagiwa una faida yake, maana nyoka huonekana upesi. Lakini mahali penye mteremko kila mvua huchukua udongo kidogo, hata msingi wa nyumba huanza kuonekana.

Sasa, kwa nini majani ya watu wengi hapa kwetu huharibika? Mara nyingi ni kwa sababu yalipandwa majani yasiyofaa nchi hii. Majani yaitwayo ya Kikuyu asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, penye baridi na umande. Hustawi sana Limuru, na mwanzoni mwa karne ya 20 yalichukuliwa yakapandwa Afrika Kusini na Australia, yakasifiwa huko. Lakini Kisumu ni kama futi 3,700 tu juu ya usawa wa bahari, na joto la mchana mara nyingi hufika digrii 30. Hapa majani hayo huishi kwa maji ya mfereji. Mfereji ukikauka, nayo hukauka, na magugu hupata nafasi.

Yafaa basi kuchagua kwa akili. Ukoka wa kawaida, ule mwembamba utambaao, hupenda jua kali na huvumilia kiangazi, lakini hautaki kivuli. Paspalamu ina jani pana na mizizi yenye nguvu; hiyo yafaa mahali watoto wanapochezea. Majani ya Pemba, ambayo tumeyapata kutoka pwani, huvumilia kivuli cha mwembe, ila yanahitaji maji zaidi. Mwenye ua wenye jua upande mmoja na kivuli upande wa pili aweza kupanda aina mbili, kila moja mahali pake, wala hapana aibu.

Tukiisha kuchagua, hatupandi bado. Tuna adui wawili wa kuwaondoa. Wa kwanza ni sangari, ambayo Wajaluo huiita ombugu. Wa pili ni ndago. Sangari ina mashina marefu yatambaayo chini ya udongo, yenye vifundo vingi, na kila kifundo chaweza kuota. Namjua mwenye nyumba mmoja aliyekodi trekta ndogo, ikaulima ua wake kwa siku moja, akapanda wiki ile ile. Kwa macho ilikuwa kazi safi. Mvua ya kwanza ilipopita, sangari iliota kila mahali, nene kuliko kwanza, maana trekta ilikuwa imekata shina moja vipande vingi, na kila kipande kikawa mche. Kwa hiyo usiikate sangari kwa panga wala jembe bapa. Tumia jembe lenye meno, uinue udongo taratibu, uyavute mashina yakiwa marefu, kisha uyaanike juu ya mawe au bati mpaka yakauke kabisa. Usiyatupe mtaroni wala kwa jirani.

Ndago ni mjanja zaidi. Ukivuta jani, jani hutoka, lakini kidundu cheusi hubaki chini, na mara nyingi vidundu vimeshikana kama shanga katika uzi. Hapana budi kuchimba pamoja na udongo, kuchekecha, na kuviokota vidundu. Hata hivyo vingine vitakusahauliza. Ndiyo maana ninawaambieni, baada ya kuchimba mara ya kwanza, mwagia maji uwanja mtupu, ungoje. Yaliyosalia yataota. Chimba tena kabla hayajapata majuma matatu, maana yakipewa muda yatazaa vidundu vipya. Fanya hivyo mara mbili au tatu. Mwezi wa kufaa kuanza ni Januari, kwa sababu jua la Januari na Februari hulisaidia jembe: hukausha mashina na vidundu vilivyofunuliwa. Mvua za masika zianzapo mwezi Machi, uwanja utakuwa tayari.

Wengine watauliza habari za dawa ya kuua magugu. Iko, nayo hufanya kazi juu ya majani mabichi yanayokua, si juu ya udongo mtupu. Atakayeitumia asome maandishi ya chupa, avae glavu na viatu, asinyunyize siku ya upepo wala mvua inapokaribia, na asiinyunyize kabisa karibu na mtaro uendao ziwani. Lakini kwa ua wa nyumba ya kawaida, jembe na subira hutosha.

Magugu yakiisha, tengeneza udongo. Hapa mjini tuna udongo wa namna nyingi. Chini, kama Nyalenda na kuelekea uwanda wa Kano, kuna mfinyanzi mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Juu, kuelekea Riat na Kajulu, kuna mawe na udongo haba. Chimba shimo la futi moja, lijaze maji. Kama maji yangali yamesimama kesho yake, ujue ua wako hauna njia ya kupitisha maji. Watu wengi hufikiri dawa yake ni mchanga. Lakini mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi hugeuka kama tofali. Samadi iliyooza barabara ni bora zaidi. Samadi mbichi haifai, maana huleta mbegu za magugu mapya. Kisha sawazisha kwa reki, ukiacha mteremko wa inchi moja kwa kila futi nne au tano, maji yaende mbali na ukuta wa nyumba.

Naomba msikie sana neno hili la kusawazisha. Sehemu za kandokando ya ziwa ni miongoni mwa zile zenye malaria nyingi kuliko zote nchini Kenya. Mbu aenezaye malaria hupenda kuzaa katika vidimbwi vidogo vyenye jua: nyayo za ng'ombe, mashimo ya uani, na maji yaliyosimama baada ya mvua. Mtu atengenezaye ua akayaacha mashimo amewajengea mbu nyumba karibu na kitanda cha mtoto wake. Jaza kila shimo.

Sasa ndipo tunapanda. Mnapokwenda kununua vipandikizi, tazameni mizizi yake. Kama imekuja na udongo, uoshwe wote, maana ndago nyingi huingia uani kwa mlango huu, na mwenye nyumba amezilipia kwa fedha yake mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Kila kipandikizi kiwe na vifundo viwili au vitatu. Panda kwa mistari, inchi sita toka kimoja hata kingine, ukifukia sehemu kubwa na kuacha ncha ya kijani nje. Kanyaga udongo ushikamane, umwagie maji siku ile ile. Kwa majuma mawili, siku isiyo na mvua, mwagia asubuhi na jioni. Baadaye punguza siku, lakini kila mara maji yafike chini, ili mizizi iyafuate. Majani yakifika inchi tatu, kata mara ya kwanza, wala usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wake. Gugu lolote litokealo, ling'oe kwa mkono siku uionapo.

Nina neno la mwisho kwa wale wakaao karibu na maji. Mwezi Mei mwaka 2020 ziwa lilipanda kupita hata alama ya mwaka 1964, likaingia katika nyumba na bustani za watu wengi. Mahali pa namna hiyo pasipandwe majani mpaka ukingoni. Acheni mafunjo yasimame, kwa sababu huzuia udongo na huchuja maji yatokayo uani. Mbolea ya dukani ikitiwa nyingi, mvua huipeleka ziwani, ikalisha gugumaji ambalo tangu miaka ya 1990 limewatesa wavuvi wetu katika ghuba ya Winam. Tena kiboko hutoka majini usiku kutafuta majani mafupi. Ua mzuri ulioshuka mpaka majini ni meza aliyoandikiwa yeye, na mtu akutanaye naye gizani yu hatarini.

Basi, ndugu zangu, mwaweza kuona kwamba sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla ya siku ya kupanda. Miezi miwili ya jembe humwokolea mtu miaka mingi ya kunung'unika. Ua wenu hauhitaji kuwa kama wa tajiri. Yatosha uwe sawa, usio na dimbwi, wenye majani yaliyozoea jua la hapa, ili watoto wacheze na wazee wakae jioni upepo wa ziwa unapoanza kuvuma.

Mwenye swali na aulize.