Gari la haibridi linapozeeka: betri, vumbi na fundi asiyejua



Anayesimama kando ya Barabara ya Uganda hapa Eldoret kwa nusu saa ataona Toyota Aqua nyingi zikipita, pamoja na Prius na Honda Fit za haibridi, yaani magari yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja. Teknolojia yenyewe si ngeni. Prius ya kwanza iliuzwa Japani Desemba 1997, na Aqua ikafuata Desemba 2011. Kilicho kipya ni kwamba magari haya sasa yanazeekea mikononi mwa Wakenya.

Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka 8, kwa hivyo wengi huagiza la miaka 7 kwa sababu bei yake ni nafuu. Likiendeshwa hapa miaka mitatu, linatimiza miaka 10. Betri kubwa iliyotoka nayo kiwandani imechoka, na huenda mkopo wa sacco bado unalipwa. Mwalimu aliyelinunua ili aokoe petroli kati ya Turbo na mjini anajikuta akilipia gari lililoegeshwa uani. Katika hali hiyo ni rahisi kumsikiliza mtu yeyote anayesema, "Betri imekufa, leta pesa."

Asimwamini upesi. Haibridi ina betri mbili. Ile ndogo ya volti 12 ndiyo inayoamsha kompyuta za gari, na ikidhoofika gari halifiki kwenye neno READY, huku dashibodi ikijaa taa za kutisha. Wapo waliouziwa betri kubwa ilhali ndogo ndiyo iliyokuwa imeisha. Ipimwe kwanza. Na mwenye haibridi asikubali kuwasha lori la jirani kwa betri hiyo, hata kwa ujirani mwema, kwani haikuundwa kusukuma stata.

Ikiwa tatizo ni betri kubwa kweli, chanzo huwa joto mara nyingi. Betri hiyo hupozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Sasa tazama mambo yanavyokwenda Uasin Gishu. Msimu wa mavuno ukifika, viti vya nyuma hugeuka ghala: gunia la mahindi hukaa juu ya tundu, na vumbi la barabara za mashambani huziba feni. Kusafisha feni na chujio lake ni kazi ndogo kwa anayeijua, lakini ndiyo kazi inayosahauliwa kuliko zote. Mafuta ya injini hubadilishwa kila mara. Feni haikumbukwi hadi pembetatu yenye alama ya mshangao iwake.

Kuhusu kubadilisha seli moja moja, ukweli usemwe. Betri ya Aqua ya kwanza ina vipande 20, na ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina 28. Kipande kimoja kikifa, fundi anaweza kukitoa na kuweka kingine kilichotumika. Gari litatembea. Lakini vipande vilivyobaki ni wazee wa rika lile lile, na baada ya miezi kadhaa kingine huanguka. Ni dawa ya kusukuma siku, wala si kosa kuitumia, mradi mwenye gari ameambiwa hivyo kabla ya kulipa.

Mafundi nao wana hatari yao. Betri ya Aqua ina volti 144, na ya Prius hupita 200. Umeme huo unaua. Nyaya za rangi ya chungwa haziguswi kwa mikono mitupu. Gari huzimwa, plagi ya usalama hutolewa kwa glavu za umeme, kisha fundi husubiri dakika 10 ili chaji iliyobaki ndani ya inveta iishe. Glavu za kuoshea vyombo si glavu za umeme. Katiba ya 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya kaunti, na kijana anayemaliza umekanika leo bila kufundishwa hatua hizo anatumwa kazini bila kinga.

Anayetaka kununua haibridi iliyotumika aende na fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Kodi P0A80 inaashiria betri kubwa iliyochoka. Muuzaji mjanja huifuta asubuhi, kwa hivyo kusoma gari likiwa limesimama hakutoshi. Lipelekwe Iten na kurudi, lipande mlima, kisha volti za sehemu zote za betri zilinganishwe likiwa bado na joto. Sehemu moja ikishuka mbali na nyingine, betri ile ni mgonjwa hata kama dashibodi imenyamaza.

Namba ya chasisi nayo iangaliwe kwenye tovuti ya mtengenezaji kule Japani. Februari 2014, Toyota iliita Prius zipatazo milioni 1.9 duniani kurekebishwa programu ya inveta, na Honda iliita Fit ya haibridi zaidi ya mara moja kwa sababu ya giaboksi. Muuzaji atakayekataa namba hiyo ipigwe picha aachwe na gari lake.