Pikipiki ya Kuundiwa: Tupatane Kabla ya Kuchomelea



Wapo miongoni mwetu wanaotamani chopa, ile pikipiki ya mtindo wa Kimarekani yenye shokapu ndefu za mbele na kiti kilichoshuka. Huundwa moja tu, kwa oda, karakanani. Haina ya kulinganishwa nayo wala dhamana ya kiwanda. Kwa hiyo kinga ya mteja ni makubaliano yake na fundi.

Kwanza, anzeni na mchoro wenye vipimo. Shokapu zikirefushwa na kulazwa mbele, pikipiki hutulia katika tambarare ya Bahi, lakini huwa nzito kugeuza kwenye kona za Kondoa. Uimara wa fremu, breki na taa vijadiliwe kabla ya rangi.

Pili, andikianeni mkataba: vipuri gani vitatumika, nani atachomelea, kazi itakamilika lini, na nani atagharimia kiungo kikipasuka. Lipeni kwa awamu, kila awamu baada ya kukagua kazi, na mdai risiti.

Tatu, namba ya chesesi isikatwe wala kusagwa. Isipolingana na kadi ya usajili, chombo chaweza kuzuiliwa na fedha zenu zikapotea. Ulizeni TRA kabla ya kubadili fremu au injini, si baada yake.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza: fremu iliyochomelewa vibaya huweza kumpoteza na mwenye mali.