Maharamia au Wakulima?

Hotuba iliyotolewa Temeke mbele ya wazazi na vijana waliomaliza kidato cha sita



Tumeombwa tuseme juu ya masomo. Wengi mlitazamia tuseme habari za uhandisi, udaktari na sheria. Masomo hayo ni mazuri, wala hatuna neno nayo. Lakini leo twataka kusema juu ya somo ambalo mzazi wa Temeke akilisikia hucheka, nalo ni lugha, vitabu na historia ya Wagiriki na Warumi wa kale. Mzee mmoja amekwisha tuuliza pale mlangoni, "Kigiriki hicho kitamlisha nani?" Swali lake ni la haki na tutalijibu, ila kwanza atuvumilie kidogo.

Shikeni Barabara ya Kilwa. Yapita hapa Temeke, yateremka Mbagala, yakata Mkuranga mpaka Kibiti na Rufiji. Pwani ya upande huo imeandikwa katika kitabu cha Kigiriki chenye umri wa miaka karibu 2,000. Kitabu hicho huitwa Periplus, maana yake safari ya chombo kinachoambaa pwani. Kiliandikwa katikati ya karne ya kwanza na mtu wa biashara aliyekaa Misri, na jina lake halijulikani. Kina vifungu 66. Vinavyohusu pwani yetu ni cha 15 mpaka cha 18, basi.

Katika vifungu hivyo bwana yule anataja mji wa mwisho wa biashara upande huu, Rhapta. Anasema umepata jina kwa vyombo vyake vilivyoshonwa, kwa sababu neno la Kigiriki lenye shina hilo maana yake ni kushona. Wazee wa pwani mliomo humu hamhitaji kamusi. Huo ni mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari! Anataja pia kisiwa ambacho watu wake walivua kwa kutega vitu vilivyosukwa kama makapu kwenye milango ya maji. Mvuvi wa Mafia atakuambia mara moja kwamba hilo ni dema. Anaorodhesha bidhaa: kwetu zilitoka pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya ng'amba, kwetu zililetwa mikuki, mashoka, visu vidogo, misharasi na vyombo vya kioo. Yeye alikuwa mwenye duka, akaandika kama mwenye duka, nasi twamshukuru kwa hilo.

Sisi tuliopita chuo cha ualimu tulifundishwa kuwapa watoto mstari mmoja tu ubaoni, kwamba kitabu hiki ni ushahidi wa biashara ya pwani na mataifa ya nje. Mtoto anakariri, anapata alama yake, anasahau. Hakuna anayemwambia kitabu kinasema nini juu ya watu wenyewe. Na hapo, ndugu zangu, ndipo penye shauri kubwa.

Mwandishi yule anasema kwamba pwani hii walikaa watu wenye miili mikubwa sana, kila mmoja mahali pake akiwa kama mkuu. Halafu kuna neno moja la kueleza walikuwa watu wa namna gani. Mwaka 1912 Mmarekani Wilfred Schoff alikitafsiri kitabu kwa Kiingereza, akatuita watu wenye tabia ya uharamia. Mwaka 1989 Mmarekani mwingine, Lionel Casson, alitafsiri mahali pale pale, akatuita wakulima. Miaka 77 kati ya tafsiri hizo mbili, na katika miaka hiyo mtu yeyote aliyeshika kitabu cha Schoff alisoma kwamba babu zetu waliishi kwa kunyang'anya baharini.

Yawezekanaje? Kitabu chenyewe kimetufikia kwa nakala ya mkono ya karne ya 10, iliyohifadhiwa Heidelberg kule Ujerumani. Neno lililoandikwa mahali hapo halikai sawa, na wataalamu waliona mwenye kunakili alikosea. Basi kila mmoja akakisia neno linalofanana nalo kwa herufi. Mmoja akakisia maharamia, mwingine akakisia wakulima. Hatusemi Schoff alikuwa mtu mbaya. Tunasema kwamba mtu anapokisia, hukisia kwa yale aliyo nayo kichwani, na mwaka 1912 nchi hii ilikuwa chini ya Mjerumani. Kwani Mwafrika wa pwani alikuwa nani katika vichwa vya wakati ule?

Udongo nao umetoa ushahidi wake. Katika miaka ya 1960 vyungu vya kale vilivyochimbwa Kwale, karibu na Mombasa, vilionyesha kwamba wafua chuma waliolima walikwisha kaa nyuma ya pwani katika karne za mwanzo baada ya Kristo. Mwaka 1999 mwana wa nchi hii, Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha habari za shanga za Kirumi zilizochimbwa Rufiji. Wako wanaobishana naye juu ya mahali Rhapta ilipokuwa, na wabishane. Ndiyo kazi ya elimu. Jembe la Chami limefika. Lakini mwenye jembe akitaka kulinganisha udongo na kitabu, analazimika kuuliza wageni kitabu kinasema nini.

Wala msidhani twataka kusoma yanayotupendeza tu. Kitabu hicho hicho kinasema Rhapta ilikuwa chini ya mkuu wa sehemu moja ya Yemen kwa haki ya tangu zamani, na kwamba mabaharia wa Kiarabu waliojua lugha ya wenyeji walikuja na kuoana nao. Yapo maneno ya kuwachoma watu fulani na ya kuwafurahisha wengine. Lakini mtu huyo huyo amekwisha sema kila mmoja mahali pake alikuwa kama mkuu. Mamlaka ya Yemen yalikuwa ya namna gani basi, ya kutawala watu au ya kutoza ushuru wa bandari? Jibu halipatikani kwa kupiga kelele, linatafutwa ndani ya maneno yenyewe, neno kwa neno, na mtu anayeyasoma.

Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya Kaizari. Mwaka huo huo mtaalamu wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, alikuwa akisema Afrika haina historia ila ile ya Wazungu walioijia. Kazi ya Mwalimu ilikuwa jibu tosha kwamba Kiswahili chaweza kubeba mzigo wowote. Lakini tazameni njia ya habari yenyewe. Plutarch aliiandika kwa Kigiriki. Amyot akaitia katika Kifaransa mwaka 1559. North akaitoa katika Kifaransa hicho kuipeleka Kiingereza mwaka 1579. Shakespeare akaifanya mchezo. Ndipo ikafika kwetu. Mwaka 1971 S. S. Mushi akatupa Mfalme Edipode, mchezo wa Sophocles, nao tunajivunia. Je, hatuwezi siku moja kwenda kisimani wenyewe?

Wengine watasema Kilatini na Kigiriki ni kasumba ya mkoloni. Hasha! Kweli bwana wa Kiingereza alijivika Urumi kama joho. Lakini Ezana, mfalme wa Aksum huko Ethiopia, alichonga habari za vita vyake kwa Kigiriki na kwa Ge'ez katika karne ya 4. Agostino, aliyeandika Kilatini ambacho Ulaya nzima ilijifunza kwake, alizaliwa Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Ibadan kule Nigeria na Legon kule Ghana, vyuo vilivyoanzishwa mwaka 1948, vinafundisha masomo haya hata baada ya bendera ya Mwingereza kuteremshwa, na hakuna awaitaye vibaraka.

Sasa tumjibu mzee. Kigiriki hakitawalisha wengi. Hatutaki vijana mia waache uuguzi na ufundi. Twataka wawili, watatu kila mwaka, miongoni mwa wanaosoma historia au akiolojia pale Mlimani, wafundishwe lugha hii mpaka wasimame juu ya nakala ile ya Heidelberg na kusema neno lile wao wanalionaje. Mwalimu mmoja na chumba kimoja chatosha kuanzia. Na wa kwanza wao atupe vifungu vile vinne kwa Kiswahili, kutoka katika Kigiriki moja kwa moja, pamoja na maelezo ya mtepe na dema ambayo Schoff hakuweza kuyapata Philadelphia.

Kijana aliye tayari aache jina lake kwa katibu wa tawi kabla ya kuondoka. Na wazee mliowahi kuuona mtepe, au kusimuliwa na baba zenu jinsi ulivyoshonwa, bakini kidogo. Tuna daftari hapa, twataka kuandika.