Nani Alimwona?

Somo: Luka 15:3-7

 

Mapigano yanapotulia, kazi moja ya jeshi ni kuhesabu watu wake. Sajini husimama na daftari na kusoma jina moja moja. Jina lisipoitikiwa, huuliza: nani alimwona? Akiwapo aliyemwona akianguka na kukata roho, mtu yule huandikwa katika safu ya waliokufa. Akiwa hospitalini, huandikwa katika safu ya majeruhi. Lakini asipokuwapo wa kusema neno, huandikwa katika safu ya tatu: amepotea.

Kwa watu wa nyumbani, safu hiyo ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Aliyefiwa hulia, na siku moja machozi hukauka. Je, mke wa aliyepotea ni mjane, au bado ni mke wa mtu? Mbwa akibweka usiku, yeye huinuka kitandani na kusikiliza.

Tarehe 1 Julai 1916, karibu na mto Somme huko Ufaransa, jeshi la Uingereza lilipata hasara ya watu 57,470 kwa siku moja. Kati yao 19,240 walikufa. Baadaye, mahali paitwapo Thiepval, lilijengwa jengo kubwa la ukumbusho, na juu ya mawe yake yamechongwa majina ya watu zaidi ya 72,000 waliopotea katika mapigano ya Somme, wasio na kaburi linalojulikana. Kaburi hawana, lakini jina wanalo.

Ndugu zetu, vita hivyo vilifika hata kwetu Afrika Mashariki, tangu 1914 hadi 1918. Wanyama wa mizigo waliuawa na ugonjwa wa mbung'o, na barabara zilikuwa chache, basi mizigo ya jeshi ikabebwa na watu. Sheria ya mwaka 1915 iliwapa watawala nguvu za kuwachukua wanaume kwa lazima. Hao ndio watu wa Kariakoo, ambao jina lao limebaki Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Mwaka 1917 hata misheni za Kiprotestanti zilitoa kikosi cha wapagazi, kikiongozwa na Daktari John Arthur wa Kikuyu. Wapagazi wengi waliokufa hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na chakula kibaya.

Je, wao walihesabiwaje? Mwaka 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Tazameni hesabu hizo mbili. Pengo lililo kati yake ni watu 234,000! Kule Somme walihesabu hadi mtu wa mwisho. Huku kwetu hata pengo lenyewe ni umati. Na ripoti haikusema kwamba ni pori tu lililowameza. Ilikiri kwamba ubaguzi ulikuwamo.

Sasa mfikirieni yule mchungaji wa kondoo mia. Tisini na tisa wapo nyikani. Karani angesema hasara ya mmoja katika mia si kitu, akafunga daftari. Mchungaji hakufunga. Alimjua yule mmoja kabla hajapotea, ndiyo maana alijua kwamba hayupo. Kwake neno "amepotea" halikuwa mwisho wa hesabu, lilikuwa mwanzo wa safari. Mungu wetu ni huyo. Katika Luka 12 Bwana Yesu afundisha kwamba hata shomoro wa bei ndogo hasahauliwi mbele za Mungu. Basi mpagazi aliyelala kando ya njia bila jiwe wala jina, Mungu alimwona.

Na sisi je? Tumepita sokoni Kariokor mara nyingi, tukibishania bei ya vyondo na viatu, wala hatukuuliza jina lile lilitoka wapi. Kanisani nako twahesabu waliohudhuria, twahesabu na sadaka, kisha twafurahi kwamba benchi zimejaa. Lakini kijana aliyeacha kuja tangu Pasaka, nani alimwona? Mama mzee asiyeweza tena kupanda kilima, nani alimwona?

Juma hili na tufanye mambo mawili. La kwanza, tuwaulize wazee wetu kama kuna mtu wa ukoo aliyekwenda Kariakoo asirudi, tukaliandike jina lake kabla halijasahauliwa. La pili, wazee wa kanisa walifungue daftari la washirika na kulisoma jina moja moja. Jina lisiloitikiwa lisipite hivi hivi. Mmoja wetu na avae viatu, aende.

Tuombe. Ee Baba, wewe unayewajua tusiowajua, utusamehe kwa wote tuliowaacha nje ya hesabu. Uwafariji waliongoja wasiorudi. Ututume kwa aliyepotea. Kwa jina la Yesu Kristo, Mchungaji Mwema. Amina.